Dada wa kuitana na familia ya pili: lini mlezi wa nyumbani huko California anahitaji leseni

Swali: "Shikamoo mama. Naishi San Diego, California, nyumba ya kupanga. Nina wanangu wawili, wa miaka 3 na 7. Tangu mwaka jana dada yangu ananiachia wanawe wawili akienda kazini. Mmoja ana miaka 4, mwingine mwaka na nusu, na kila Ijumaa ananipa chochote. Si dada wa tumbo moja, tulikulia kambi moja, lakini watoto wetu wanajuana kama ndugu. Sasa mwenzetu wa kanisani anataka kuniletea mtoto wa miezi 10, na jirani ameomba niwapokee wake wawili wakitoka shule, wa miaka 6 na 8. Binamu yangu wa Texas anasema mpaka watoto watatu leseni haihitajiki. Mume wangu anasema nitafungwa. Mdogo wake, anayekaa nasi tangu Machi, anasema mwenye nyumba akijua atatufukuza. Nimsikilize nani?"

Marahaba mwanangu. Usimsikilize hata mmoja kati ya hao watatu, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nianze na jibu lenyewe halafu nikueleze limetoka wapi. Kwa hali ilivyo leo, wewe na wanao na watoto wa dada yako, huhitaji leseni. Ukimpokea yule wa miezi 10, unaihitaji. Na huruhusiwi kumpokea kwanza huku karatasi zikifuata nyuma. Leseni itangulie, mtoto afuate.

Umeona nimesema "ukimpokea yule wa miezi 10", sikusema "ukifikisha watoto watano". Watu wengi huuliza swali hili kwa hesabu ya vichwa: nikiwa na wangapi ndipo serikali inanihusu? Kwa California swali la kwanza si wangapi. Swali la kwanza ni watoto wa nani. Sheria ya jimbo ya malezi ya watoto mchana inamwachia huru mtu anayelea nyumbani kwake watoto wa familia moja tu ya nje, pamoja na wanawe mwenyewe. Familia moja. Ikiwa na watoto wanne wa kufuatana, bado ni moja. Ikija familia ya pili, hata kwa kichanga kimoja kinacholala muda wote, umeshaingia kwenye leseni.

Na hapa ndipo neno "dada" linapotutega sisi Waswahili. Sheria inamwachia huru pia ndugu anayelea watoto wa nduguye, ila ndugu wa sheria si ndugu wa kwetu. Wao wanahesabu damu, ndoa na kuasiliwa: bibi na babu, shangazi, mjomba, kaka, dada, mpwa, binamu, na wenzi wao. Dada wa kambi, dada wa kwaya, mama mdogo kwa sababu alikula chumvi na mama yako, hao wote mbele ya karatasi ni wageni. Nimewahi kukaa na mama mmoja mezani tukijaza fomu, nikamuuliza ana watoto wa familia ngapi, akanijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Moja tu, sisi wote ni ndugu." Tulipoanza kuandika majina ya baba wa kila mtoto tukapata familia nne. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anaongea Kiswahili.

Wewe umefanya vizuri kuniambia mapema kwamba si wa tumbo moja. Maana yake dada yako ndiye ile familia moja ya nje unayoruhusiwa, na nafasi yako imejaa tayari. Angekuwa dada wa damu, watoto wake wangelelewa chini ya msamaha wa ndugu. Kwa msomaji mwingine aliye na mchanganyiko huo, wapwa wa damu pamoja na familia moja ya nje, ushauri wangu ni asijipigie hesabu mwenyewe wala asimwulize jirani. Apige simu ofisi ya leseni ya eneo lake, aeleze kila mtoto ni wa nani, na aandike jina la aliyemjibu na tarehe.

Kuna maneno mengine mawili ya kuyaangalia kabla sijaenda kwa mume wako. La kwanza ni malipo. Umeandika "ananipa chochote", na nahisi umeliandika hivyo kwa makusudi, kana kwamba chochote si mshahara. Haisaidii. Maelezo ya sheria kuhusu nyumba ya malezi yanataja kulea na kuangalia watoto kwa utaratibu, nyumbani kwa mlezi, chini ya saa 24 kwa siku, wazazi wakiwa hawapo. Hayasemi lazima ulipwe. Malipo yanaleta tofauti kwenye jambo moja tu ninalolijua vizuri: wazazi wanaopokezana zamu, leo kwangu kesho kwako, bila senti kupita mkononi. Hao wana msamaha wao, nao una masharti yake. Wewe hupokezani zamu na mtu, unalea.

Neno la pili ni "kwa utaratibu". Jirani akikuachia watoto Jumamosi moja aende msibani, hujafungua kituo. Wakija kila siku ya shule saa nane na nusu mchana, umefungua, hata kama ni kwa saa mbili tu. Na yote haya yanahusu nyumba yako. Anayekwenda kulea mtoto nyumbani kwao mtoto yuko kwenye kundi jingine kabisa, haombi leseni ya nyumba ya malezi. Ila wewe una wa miaka 3 mgongoni, najua hilo halikufai.

Sasa binamu wa Texas. Hakukosea sana, amekosea jimbo. Marekani haina leseni ya taifa ya kulea watoto nyumbani, kila jimbo linaweka mstari wake linapotaka. New York mstari uko kwenye watoto 3 kwa zaidi ya saa 3 kwa siku. Virginia leseni inaanza kwenye watoto 5, bila kuwahesabu wa kwako. Na hata hiyo Texas yenyewe, kulea kwa malipo watoto 1 hadi 3 wasio ndugu, kwa utaratibu, hakuachwi hivi hivi. Mlezi anatakiwa aorodheshwe na jimbo, na akifika wanne anasajiliwa. Kwa hiyo "haihitajiki leseni" ya Texas maana yake "kuna karatasi nyingine, jina lake si leseni". Ndiyo maana sipendi ushauri wa malezi unaosafiri kwa WhatsApp kutoka jimbo hadi jimbo. Ukweli wa Houston ukifika San Diego unakuwa uongo, na aliyeutuma hana kosa.

Mume wako anaogopa jela. Mwambie atulie, lakini asitulie sana. Mara nyingi mambo huanza kwa malalamiko: jirani aliyechoshwa na kelele, mzazi mliyegombana juu ya wiki ambayo hakulipa, au shule iliyouliza mtoto anapelekwa wapi. Mkaguzi anagonga mlango. Akikuta unaendesha bila leseni, unapewa notisi ya maandishi kwamba unavunja sheria. Usipoacha au usipopeleka maombi ndani ya siku 15, faini inaanza kuhesabiwa, dola 200 kwa siku. Kuendelea kwa ukaidi kunaweza kufanywa kosa la jinai, hapo hofu ya mume wako ina msingi. Kinachonitia hofu mimi kuliko faini ni ajali. Mtoto akiungua chai kwenye nyumba isiyo na leseni, bima ya mpangaji ina kila sababu ya kusema haikujua kama kulikuwa na biashara humo ndani, na utabaki wewe na bili ya hospitali na urafiki uliovunjika.

Shemeji naye na habari ya kufukuzwa. Hapo nina habari njema, na ni kati ya mambo ambayo walezi wengi wapangaji hawayajui. California ilipitisha sheria mwaka 2019, ikaanza kazi 2020, inayosema nyumba ya malezi yenye leseni ni matumizi ya kawaida ya makazi. Mwenye nyumba hawezi kukukataza wala kukutoa kwa sababu hiyo peke yake. Unachotakiwa ni kumpa taarifa ya maandishi siku 30 kabla ya kuanza. Anaweza kuongeza amana mpaka ukomo wa sheria, basi. Mji nao haukutozi leseni ya biashara wala ushuru kwa ajili ya malezi hayo. Angalia lakini: kinga hii ni ya mwenye leseni. Anayelea familia tatu kimyakimya hana kinga yoyote, na mwenye nyumba akitaka kumtoa anayo sababu mkononi.

Tuje kwenye hesabu ya vichwa, maana baada ya kuingia kwenye leseni ndipo vichwa vinaanza kuhesabiwa kwa ukali. Leseni ndogo, ambayo ndiyo utakayoanza nayo, inakupa njia tatu. Ukilea vichanga peke yao, yaani walio chini ya miaka 2, mwisho ni 4. Ukichanganya umri, mwisho ni watoto 6, na kati yao vichanga wasizidi 3. Ukitaka kufika 7 au 8, angalau mmoja awe anasoma chekechea ya shule au shule ya msingi, mwingine awe ametimiza miaka 6, na vichanga wasizidi 2.

Wanao wanahesabiwa. Hapo wengi hushtuka: "Hata wa tumbo langu?" Ndiyo, wote walio chini ya miaka 10 wanaokaa kwako. Sasa tuhesabu nyumba yako siku ya Jumanne saa tisa alasiri. Wako wa miaka 3 na wa miaka 7, hao 2. Wa dada yako wa miaka 4 na wa mwaka na nusu, 4. Yule wa kanisani wa miezi 10, 5. Wa jirani wakishuka kwenye basi, 7. Umezidi 6, kwa hiyo unaangukia njia ya tatu. Wa jirani wote wanasoma na wote wametimiza 6, sharti limetimia. Vichanga ni wa mwaka na nusu na wa miezi 10, wawili kamili. Umepita, lakini umepita kwa kuinama. Mama mwingine akikuletea kichanga wa tatu mchana huo, hata kwa nusu saa, umevunja leseni yako mwenyewe. Na kupita 6 kuna deni la karatasi mbili: wazazi wote wajulishwe kwamba unapokea hao wa ziada wa umri wa shule, na mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Kwa 6 za kwanza anapewa taarifa tu. Kwa wa saba na wa nane ridhaa yake inatakiwa. Kwa hiyo barua utakayomwandikia mwenye nyumba iwe ya adabu.

Leseni kubwa, ya watoto 12 hadi 14 pamoja na msaidizi, iache kwanza. Inataka uzoefu wa mwaka mmoja na ruhusa ya watu wa zimamoto. Hiyo ni habari ya baadaye.

Maombi yenyewe yanakwenda kwa idara ya huduma za jamii ya jimbo, kwenye kitengo kinachoitwa Community Care Licensing. Unaanza na semina ya maelekezo, halafu fomu nambari LIC 279, na ada ambayo kwa leseni ndogo sheria imeiandika dola 73, kisha kiasi hicho kila mwaka. Utapima kifua kikuu. Utaonyesha chanjo ya surua na kifaduro, na ya mafua ambayo unaweza kuikataa kwa maandishi. Utasoma kozi ya afya na usalama, na huduma ya kwanza ya watoto pamoja na namna ya kubonyeza kifua na kupuliza pumzi mtoto akizimika. Kadi hiyo ya huduma ya kwanza inaisha kila miaka 2, iandike kwenye kalenda ya ukutani. Mimi nimeona leseni nzuri zikipata doa kwa sababu ya kadi iliyopitwa na wiki mbili.

Pamoja na hayo kuna mafunzo ambayo wenzetu wengi huyapita haraka bila kuelewa yanawafunga wapi. Ukishakuwa na leseni, sheria inakutaja kati ya watu wanaolazimika kuripoti wanaposhuku mtoto anapigwa, ananyanyaswa au anatelekezwa. Unapiga simu papo hapo, na ripoti ya maandishi inafuata ndani ya saa 36. Sisi tumezoea kumwita mama wa mtoto pembeni, tukamshauri, tukamwita na mchungaji. Hayo unaweza kuyafanya, lakini hayachukui nafasi ya simu. Na inaweza kutokea siku moja simu hiyo ikamhusu dada yako. Fikiria hilo kabla ya kutia sahihi.

Alama za vidole nazo si zako peke yako. Kila mtu mzima wa miaka 18 kwenda juu anayeishi humo anachukuliwa alama na rekodi yake inachunguzwa, pamoja na orodha ya jimbo ya waliowahi kuhusishwa na unyanyasaji wa watoto. Mume wako, ndiyo. Na huyo shemeji aliyekuja Machi, naye pia. Najua alikuja kwa wiki mbili. Kwetu wageni wote huja kwa wiki mbili. Lakini nguo zake zikiwa kabatini mwako na barua zake zikija kwenye sanduku lako, anaishi kwako, na mkaguzi akimkuta sebuleni bila kibali faini ni dola 100 kwa siku kwa mtu huyo, mpaka siku 5 kwa kosa la kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuomba, kaeni kikao cha nyumbani. Kama kuna mtu ana kesi ya zamani ambayo hajawahi kuisema, ni heri aiseme yeye mezani kuliko isemwe na kompyuta. Makosa mengi ya zamani yanaweza kuombewa msamaha wa idara, mengine hayaombewi kabisa, na unayemjua ndiye unayeweza kumsaidia kuandika barua.

Kabla ya leseni kutoka, mkaguzi anakuja kuiona nyumba. Watu husafisha kama wanapokea bwana harusi, wanapika, wanabadilisha mapazia. Mkaguzi hatazami mapazia. Anakwenda jikoni, anachuchumaa, anafungua kabati la chini ya sinki. Dawa ya kuzibulia mabomba ipo? Sabuni ya unga ipo mahali mtoto wa mwaka na nusu anafika? Fanya hivi wewe kabla yake: piga magoti, tambaa nyumba nzima kwa urefu wa yule mtoto wa dada yako, na kila unachoweza kukishika ukakitia mdomoni, kiondoe au kifungie. Utashangaa. Mama mmoja alitambaa akakuta mkoba wa mama mkwe umening'inia kwenye kitasa, ndani yake vidonge vya presha.

Atatafuta pia mtungi wa kuzimia moto wa saizi inayotakiwa, king'ora cha moshi na kile cha gesi ya karboni monoksaidi, na atavibonyeza vilie. Kama kuna bunduki ndani ya nyumba, ifungiwe, na risasi zifungiwe kwingine. Bwawa la kuogelea liwe na uzio wa futi 5 au kifuniko kinachokubalika. Na kile kiti chenye magurudumu anachotumbukizwa mtoto mchanga ajisukume kwa miguu sakafuni, ambacho kila nyumba yetu kinacho na kila shangazi analeta kingine kama zawadi, kimepigwa marufuku kwenye nyumba za malezi California. Kitoe kabisa, usikifiche stoo.

Utakachokiona kigeni zaidi ni usingizi. Kichanga analazwa chali, kitandani kwake peke yake, bila mto, bila blanketi, bila kuviringishwa kwenye nguo, na kila dakika 15 unakwenda kumtazama anavyopumua na unaandika. Hebu uone inavyokuwa: mtoto wa kanisani amelala saa tano na dakika kumi. Tano na dakika ishirini na tano unasimama, unaangalia kifua, unaangalia rangi ya uso, unaandika. Tano na dakika arobaini unarudi. Uji wa wengine uko jikoni, wa miaka 3 anataka kwenda chooni, nawe una karatasi ya usingizi mkononi. Kanuni hiyo ilikuja 2020, na walezi wakongwe waliilalamikia sana. Mimi sikuilalamikia. Mtoto mchanga akikata pumzi usingizini hapigi kelele. Kumfunga mgongoni na kanga nako, hata ungekuwa umelea kumi hivyo, hakuhesabiki kuwa mahali pa kumlaza. Akisinzia mgongoni, mshushe umlaze chali kitandani kwake.

Jambo jingine, niliseme haraka: leseni ni yako wewe, si ya nyumba peke yake. Saa za malezi uwepo mwenyewe angalau asilimia 80. Huwezi kuchukua kazi ya usafi hotelini ukamwachia shemeji watoto, leseni ikabaki ukutani kama picha.

Najua mpaka hapa nimekusomea madeni tu. Sasa faida, maana zipo, na ni za pesa. Mlezi mwenye leseni anaweza kuingia kwenye mpango wa serikali ya taifa wa chakula cha watoto, CACFP, ambao unamrudishia sehemu ya gharama kwa kila mtoto hadi milo miwili na kitafunio kimoja kwa siku. Kwa wazazi wanaolipiwa malezi na serikali, mlezi asiye na leseni anaweza kulipwa kwa utaratibu fulani, lakini kiwango chake kiko chini ya cha mwenye leseni. Hesabu tofauti hiyo kwa mwaka mzima kabla ya kusema leseni ni gharama.

Halafu kodi ya mapato. Mfanyabiashara wa nyumbani kwa kawaida haruhusiwi kutoa gharama za chumba kwenye mapato yake kama chumba hicho kinatumika pia kwa mambo ya familia. Mlezi wa watoto ana upendeleo: sebule ile ile mnayotazamia mpira jioni inahesabika kwa saa za malezi. Tuseme nyumba ina futi za mraba 900 na watoto wanatumia 600, yaani theluthi mbili. Unafanya kazi saa 2,500 kwa mwaka, na mwaka una saa 8,760, kama asilimia 28.5. Theluthi mbili ya hiyo ni asilimia 19. Kama pango ni dola 2,400 kwa mwezi, dola 28,800 kwa mwaka, unatoa kama 5,470 kwenye mapato yanayotozwa kodi, bado umeme na maji. Ila sheria ya kodi ya taifa imeweka sharti: uwe umeomba leseni na hujakataliwa, au umeshapewa, au jimbo limekusamehe kihalali. Anayelea familia tatu bila leseni California hayumo. Na asidhani atajificha, kwa sababu wazazi wanaodai nafuu ya kodi kwa malezi wanatakiwa kuandika jina, anwani na nambari ya kodi ya mlezi. Mwenzako wa kanisani atakuletea fomu ya W-10 uyajaze hayo mwezi wa Januari, kwa nia njema kabisa.

Bima: sheria inataka uwe na bima ya dhima, yaani ya kulipia madhara yanayowapata wengine kwako, ya angalau dola 100,000 kwa tukio na 300,000 kwa mwaka, au dhamana, au kila mzazi atie sahihi kwamba anajua huna. Hiyo njia ya tatu ni halali na ni ya bure, na wengi wanaichukua. Mimi ningenunua bima.

Ukihitaji mtu wa kukushika mkono, kila kaunti ya California ina ofisi ya taarifa na maelekezo ya malezi (Resource and Referral). San Diego inaendeshwa na shirika la YMCA. Wanawasaidia wanaoanza, na ukishapata leseni wanawaelekeza wazazi kwako. Mueleze utakayempata kwamba Kiswahili ndiyo lugha yako na uombe mkalimani, usione haya.

Wiki hii fanya mambo matatu tu. Endelea na watoto wa dada yako, huna kosa. Jiandikishe kwenye semina ya maelekezo. Na umwambie mwenzako wa kanisani na jirani ukweli kwamba unaomba leseni, wasubiri, na kwamba kusubiri kwenyewe ni miezi, si siku. Atakayekuambia "nilete tu kimya kimya, nani atajua", huyo ndiye wa kwanza atakayekushtaki mkigombana.

Na kama mna mpango wa kuhama nyumba mwaka huu, hameni kwanza. Leseni hutolewa kwa mtu na kwa anwani, ukihamia hata mlango wa pili unaanza maombi upya.